Mahujaji 14, viza 9: kisa cha jumuiya moja ya Nairobi

Agosti 2025, jumuiya ndogo ndogo moja ya Kikatoliki katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ilirudishiwa pasipoti zake 14 kutoka kituo cha kupokea maombi ya viza. Tisa zilikuwa na stika ya Schengen ndani, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Tano zilirudi na karatasi ya kukataliwa. Safari ilipangwa iwe Oktoba: Roma usiku 4, ili kupita Mlango Mtakatifu katika Mwaka wa Jubilei (mwaka wa neema ambao Kanisa hufungua milango maalumu kwa mahujaji), Assisi usiku 1, kisha Lourdes nchini Ufaransa usiku 3. Tiketi zilikuwa zimeshalipiwa. Na hao watano walionyimwa ndio walioibuni hija yenyewe na kuichangia tangu mwanzo. Wengi wa wale tisa waliingia baadaye.

Baraza la parokia lilinipa mafaili yote niyasome, kwa sababu kazi yangu ni kukagua maombi ya mikopo kwenye Sacco na nimezoea kusoma maisha ya mtu kwenye karatasi. Wahusika wamekubali niandike. Majina yao, la parokia na la ajenti nimeyaacha. Nilichokikuta ni hiki: watano hawa wana kazi, wana makazi, wana watu wanaowategemea, na pesa za safari walizitafuta kwa jasho lao. Mafaili yao yaliyaficha hayo yote. Tena kuna mtu aliyewafundisha kuyaficha.

Walivyozoea kuhiji

Kwa Mkatoliki wa kawaida wa Nairobi, hija ya nje ya nchi ni Namugongo. Karoli Lwanga alichomwa moto pale tarehe 3 Juni 1886, na yeye na wenzake 21 wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kila Juni inapokaribia, katibu wa jumuiya anapitisha orodha. Unaandika jina, unalipa nauli kidogo kidogo, unafunga chapati na blanketi, basi linaondoka jioni na kabla hakujapambazuka mko Busia au Malaba. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Hakuna anayekuuliza una shilingi ngapi benki, wala nani anakungoja nyumbani. Mnavuka pamoja, mnasali pamoja, mnarudi pamoja.

Desturi hiyo ndiyo jumuiya iliyoibeba nzima nzima kuipeleka Ulaya. Orodha, mchango, mweka hazina, barua ya paroko, kisha ajenti wa kushughulikia "mambo ya makaratasi". Sijui kama yupo aliyewaambia siku ya kwanza kwamba sheria ya viza ya Schengen haitambui kundi. Hata mkiwa 14 na padre wenu mbele, kila ombi linasomwa peke yake, na kila mtu anajibu kwa maisha yake mwenyewe: unafanya nini, pesa zimetoka wapi, utakaa wapi, kitu gani kitakurudisha. Ombi linapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, hivyo hili lilienda upande wa Italia. Halipokelewi kabla ya miezi 6 kufikia siku ya safari, na lisiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya shilingi 13,000 kwa viwango vya wakati ule, na hairudishwi hata ukinyimwa.

Hamu ya Roma ilikuwa na sababu yake. Mama Mwenyekiti wa jumuiya hii alisimama kwenye mvua na matope pale Chuo Kikuu cha Nairobi tarehe 26 Novemba 2015, Papa Fransisko aliposoma Misa. Kesho yake Papa alikwenda Kangemi, na watu wa mitaa kama yetu wanalikumbuka jambo hilo kama aliingia kwao binafsi. Fransisko ndiye aliyeufungua Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro usiku wa 24 Desemba 2024. Alipofariki tarehe 21 Aprili 2025 na kuzikwa katika Basilika ya Maria Mkuu, hija hii iligeuka kuwa pia safari ya kumzuru. Wazee huiita kwenda kuhani, yaani kwenda kutoa pole. Tangu wiki ile hakuna aliyetaka kusikia habari ya kuahirisha, na Jubilei ilikuwa inafungwa tarehe 6 Januari 2026. Haraka hiyo ndiyo iliyompa ajenti nguvu.

Faili la Mama Mwenyekiti

Nitakaa kwenye faili moja, maana lina kila kitu.

Mama huyu ana miaka 58. Ni mjane. Saa kumi alfajiri yuko soko la Marikiti akichagua nyanya, vitunguu na sukuma; saa moja kibanda chake karibu na stegi kimefunguliwa, na amekuwa hapo kwa zaidi ya miaka 20. Leseni ya kaunti anayo ya kila mwaka. Wateja wanamlipa kwa Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo. Ana hisa na akiba katika Sacco ya wafanyabiashara wa soko, na ploti huko Joska ambayo kikundi chao kilinunua wakagawana. Analea wajukuu wawili walio shule ya msingi na karo analipa yeye. Binti yake wa pili ni muuguzi Ujerumani, na karibu kila mwezi humtumia mama yake kitu.

Kwa jicho la mkaguzi, huyu ni mtu aliyefungwa Nairobi kwa kamba nne au tano. Ningempa mkopo.

Sasa fungua faili lililopelekwa. Kwenye fomu, kazi: "mfanyabiashara", basi. Hakuna leseni, hakuna picha ya kibanda, hakuna taarifa ya M-Pesa wala ya Sacco. Ploti haimo. Wajukuu hawamo. Kilichomo ni taarifa ya akaunti ya benki ambayo mama huigusa kwa nadra, na inasomeka hivi: miezi mitano ya salio la mamia ya shilingi, kila mwezi pesa kutoka Ujerumani zinaingia na kutolewa siku hiyo hiyo bila neno lolote la kueleza ni za nani, kisha, wiki mbili kabla ya kupeleka maombi, shilingi 400,000 zinaingia kwa mpigo kutoka akaunti ya chama cha jumuiya.

Hizo 400,000 ndizo zilizowaponza wote watano. Ajenti aliwaambia kwamba ubalozi hautambui chama wala M-Pesa, unataka kuona "akaunti iliyonona". Kwa hiyo fungu la dharura la chama likatolewa, likawekwa kwa Mama Mwenyekiti siku tatu, taarifa ya benki ikachapishwa, likarudishwa. Likaenda kwa fundi wa cherehani. Likaenda kwa mama wa hoteli ya chai, kwa katekista, kwa kijana wa bodaboda. Halafu mafaili yote yakapelekwa siku moja, na mtu mmoja. Yeyote anayeyasoma kwa mfuatano anaona kiasi kile kile kikitoka akaunti ile ile na kuzunguka katika mikono mitano ndani ya wiki mbili.

Kinachoniuma ni kwamba uongo huu haukuhitajika hata kidogo. Malipo ya hija, shilingi 420,000 kwa kila mtu, yalikuwa yamekamilika: ndege, malazi, chakula cha asubuhi na jioni, mabasi. Risiti zilikuwepo. Anayeomba viza akiwa ameshalipia malazi na usafiri anahitaji kuonyesha pesa za matumizi tu, na pesa za matumizi za siku tisa mama wa kibanda anazo kwenye Sacco yake. Na hizo 420,000 zenyewe zilikuwa na historia safi kuliko mishahara mingi: daftari la chama, tangu 2022, lina mchango wa kila Jumapili na sahihi ya kila mchangiaji. Daftari hilo halikuwekwa kwenye faili hata moja. Ajenti alisema linaonekana la kijijini.

Barua ya maelezo nayo aliiandika yeye, moja kwa wote, akibadilisha majina. Kwenye faili la fundi wa cherehani kuna aya inayosema kwamba mwombaji atarudi kuendelea na biashara yake ya mboga.

Mama Mwenyekiti alikuwa na swali moja kwa ajenti kabla ya kupeleka: aseme nini kuhusu binti yake? Jibu likawa asiseme kitu, mtu mwenye mtoto Ulaya hawezi kupewa viza. Akatii. Lakini pesa za binti zilikuwa tayari zinasema kwenye taarifa ya benki, mwezi baada ya mwezi. Mtoto aliye ughaibuni akielezwa ni habari ya kawaida ya familia za siku hizi. Akifichwa huku alama zake zimejaa kwenye karatasi, anageuka sababu ya kushuku kila kitu kingine.

Karatasi ya kukataliwa huwa ni fomu moja kwa nchi zote za Schengen, yenye visanduku vya sababu. Kwa wote watano zilitiwa alama sababu mbili: maelezo ya madhumuni na mazingira ya safari hayaaminiki, na kuna shaka juu ya nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nilipoisoma pamoja na mafaili sikuweza kusema afisa alikosea. Alisoma kilichoandikwa.

Kuhusu barua ya paroko

Waumini wengi waliamini barua ya paroko ndiyo ufunguo. Barua ilikuwa nzuri, yenye muhuri, ikisema mwombaji ni Mkristo mwaminifu na anakwenda hija. Hilo linathibitisha kusudi la safari, na ni muhimu. Haliwezi kuthibitisha kwamba mtu ana kibanda, ana wajukuu, ana mashine tatu za kushona na wasichana wawili aliowaajiri. Paroko mwenyewe aliniambia alitia sahihi barua 14 zenye maneno yale yale usiku mmoja kwa sababu alizikuta mezani zimeandaliwa. Wale tisa, walimu, muuguzi, mstaafu wa serikali na wengine wa aina hiyo, walikuwa na barua hiyo hiyo. Waliopita walipitishwa na barua za waajiri na taarifa za pensheni.

Matokeo yake ni kwamba jumuiya iligawanyika palepale ilipo na mstari wa kipato. Waliopata ni wenye payslip. Walionyimwa ni wa soko na jua kali. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyoonekana Jumapili iliyofuata kanisani, na watu wawili kati ya watano waliacha kuja kwenye sala ya jumuiya kwa wiki kadhaa.

Kwenda au kutokwenda

Mkutano ulifanyika ukumbi wa parokia siku ya Alhamisi jioni. Kulikuwa na kauli tatu. Twende wote au asiende mtu. Waende tisa, na watano warudishiwe pesa. Waende tisa, lakini safari ifupishwe na kinachookolewa kiwasaidie watano kuomba upya. Mwalimu mmoja mstaafu alilia, akasema hawezi kupita mlango ule akijua amemwacha Mwenyekiti wake Nairobi. Mama Mwenyekiti ndiye aliyemjibu: "Mwalimu, nenda. Ukikaa hapa utanikasirisha mara mbili." Baada ya hapo tisa wakakubaliana kwenda.

Naona walifanya sawa kwenda. Tiketi zingepotea zote, na hija ya tisa haimpunguzii chochote wa kumi. Ninachokipinga ni wakati uliotumika kuliuliza swali. Kundi linalochanga kwa miaka mitatu halina udhuru wa kusubiri mpaka wengine wanyimwe ndipo lijiulize litafanya nini wengine wakinyimwa. Swali hilo lingeulizwa mwaka 2022, jibu lake lingekuwa sheria. Lilipoulizwa Agosti 2025, kila jibu lilikuwa na sura ya mtu aliyekaa pale ukumbini.

Pesa zenyewe zilirudi kwa shida. Hakukuwa na mkataba na ajenti, zilikuwepo risiti tu. Shirika la bima lilirejesha malipo yake lilipoonyeshwa karatasi za kukataliwa. Hoteli zilirejesha sehemu. Tiketi za ndege zilikuwa za aina isiyorejeshwa, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo: kwa ombi la viza inatosha kuonyesha nafasi iliyoshikwa, hakuna sheria inayokulazimisha ununue kabla ya kujua jibu. Ajenti alinunua mapema kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Mama Mwenyekiti alipokea 265,000 kati ya 420,000 zake.

Mlango uliokuwa Nairobi

Jambo lililonisikitisha kuliko hesabu ni kwamba watano hawa waliamini wamefungiwa neema ya Jubilei. Mama wa hoteli ya chai alisema hivyo wazi: Mungu ameweka mlango na sisi tumenyimwa viza ya kuupita.

Katika miezi yote ya maandalizi, mafundisho ya hija yalikuwa jioni mbili, na sehemu kubwa ya jioni hizo ilitumika kugawa kofia na kuzungumzia uzito wa mizigo. Yangefundishwa mapema, wangejua yafuatayo. Kwa Jubilei ya 2025, Milango Mitakatifu iliyofunguliwa ni ya basilika nne za kipapa mjini Roma: Mtakatifu Petro, Yohane wa Laterani, Maria Mkuu na Paulo Nje ya Kuta, na mmoja zaidi, ambao Fransisko aliufungua tarehe 26 Desemba 2024 ndani ya gereza la Rebibbia. Lakini rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, haikufungiwa Roma. Idara ya Toba ya Kitume ilikwishatoa maelekezo tangu Mei 2024: mwamini angeweza kuhiji katika kanisa kuu la jimbo lake, au mahali pengine palipotajwa na askofu wake, akiwa ametimiza masharti ya kawaida, yaani kitubio, Ekaristi, sala kwa nia za Baba Mtakatifu na moyo ulioachana na dhambi. Makanisa makuu duniani kote yalifungua mwaka huo tarehe 29 Desemba 2024. Kanisa kuu la Jimbo Kuu la Nairobi ni Basilika ya Familia Takatifu, katikati ya mji, matatu moja tu kutoka kwa mama wa hoteli. Maelekezo hayo hayo yalisema kwamba kumtembelea mgonjwa, mfungwa au mzee mpweke ni kama kufanya hija kwa Kristo aliye ndani yao, na rehema inapatikana hapo pia.

Paroko, na ninamheshimu kwa hili, aliwakusanya watano Jumamosi moja ya Septemba. Waliungama, wakaenda kwa miguu kutoka Eastlands hadi Familia Takatifu wakisali rozari njia nzima, wakashiriki Misa. Wiki iliyofuata walikwenda kuwaona wagonjwa. Katekista aliporudi alisema haombi tena viza. Kwake jambo lilikuwa limetimia, na pesa zake zikaenda kwenye karo ya chuo ya mwanawe. Mama wa hoteli naye alitulia. Wengine watatu bado walitaka Roma, na sioni ubaya: kutaka kusali kwenye kaburi la mtume ni tamaa ya zamani na ya haki.

Faili la pili

Aliyenyimwa anaweza kukata rufaa. Kwa upande wa Italia ni mahakama ya utawala ya Lazio, ndani ya siku 60, na utahitaji wakili huko. Anaweza pia kuomba upya wakati wowote, kwa ada mpya. Kwa wenye kesi kama hizi, ambao faili la kwanza lilikuwa bovu kweli, kuomba upya ndiyo njia.

Tulikaa na Mama Mwenyekiti mezani kwake, tukaanza na barua. Aliieleza kwa Kiswahili, mjukuu wa jirani akaitafsiri bila kuipamba. Aya ya kwanza inasema alinyimwa viza Agosti, na inaeleza zile 400,000 ni nini, nani aliziweka na kwa nini, na kwamba zilirudishwa. Hapo alisitasita. Kwa nini ajishtaki? Nilimwambia kile ninachowaambia wanachama wa Sacco: aliyenyimwa mara ya kwanza rekodi yake ipo, na anayesoma faili la pili analo la kwanza karibu.

Halafu tukaweka maisha yake kama yalivyo. Leseni za kaunti za miaka mitano. Taarifa ya M-Pesa na ya Pochi la Biashara ya miezi 12, yenye mamia ya malipo madogo madogo, ambayo kwa macho yangu ni ushahidi mzuri kuliko fungu lolote: inaonyesha mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki mahali pamoja. Kitabu cha Sacco. Kurasa za daftari la chama zenye sahihi zake. Cheti cha hisa za ploti. Barua za shule ya wajukuu zikimtaja kama mlezi anayelipa karo. Barua ya binti kutoka Ujerumani, na nakala ya kibali chake cha kazi, ikisema pesa za kila mwezi ni za matunzo ya mama na kwamba mama haendi Ujerumani katika safari hii. Barua mpya ya paroko, ukurasa mmoja, inayoeleza anamjua tangu lini na kwamba yeye ndiye mwenyekiti anayeongoza sala za Majilio, hivyo anangojwa. Nafasi ya ndege iliyoshikwa bila kulipiwa. Bima ya afya ya safari ya angalau yuro 30,000. Safari ilifupishwa: Roma pekee, usiku 5 mwishoni mwa Novemba, pamoja na kundi la parokia nyingine, kwenye nyumba ya watawa inayopokea mahujaji.

Fundi wa cherehani alifanya vivyo hivyo, na picha za karakana yake. Wote wawili walipata.

Kijana wa bodaboda alinyimwa tena, na nitarudi kwake.

Waliokwenda Oktoba

Sina mengi hapa, ila machache yatakayomfaa mwingine. Walipita kupitia Addis Ababa. Walifika Roma siku chache tu baada ya mfumo mpya wa mipakani wa Ulaya kuanza tarehe 12 Oktoba, ule wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso, na foleni ilikuwa ndefu. Viza haimalizi maswali: muuguzi wao aliulizwa mpakani atalala wapi na tiketi ya kurudi iko wapi, na kwa bahati kila mmoja alibeba karatasi zake mkononi, kwa sababu mstaafu wa serikali aliwasisitizia. Kupita Mlango wa Mtakatifu Petro kulihitaji kujiandikisha mapema kwa kadi ya hujaji, ambayo ni bure. Waliona watu wakiuziwa. Walipewa msalaba wa mbao Piazza Pia, wakatembea nao Via della Conciliazione wakiimba kwa Kiswahili. Viatu vipya viliwaumiza watatu. Mwenye shinikizo la damu aliweka dawa zake zote kwenye sanduku lililochelewa siku moja. Dawa hukaa begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari.

Lourdes, mahali ambapo Bernadette Soubirous alitokewa na Bikira Maria mara 18 mwaka 1858, kulikuwa na baridi ya milimani ambayo sweta la Nairobi halikuitosha. Walishika mishumaa kwenye maandamano ya saa tatu usiku na kuzisoma nia za wale watano kwa sauti, moja moja, pale pangoni. Maji ya chemchemi waliyabeba kwenye mizigo ya chini, maana katika viwanja vingi vya ndege chupa inayozidi mililita 100 haivuki ukaguzi wa begi la mkononi. Mmoja aliyesahau alinyang'anywa Toulouse.

Yaliyoandikwa kwenye katiba ya jumuiya

Desemba jumuiya ilibadilisha taratibu zake. Pesa za hija zinakaa kwa jina la kila mchangiaji ndani ya Sacco, ili historia yake ionekane bila maelezo. Hakuna ajenti anayelipwa bila mkataba unaotaja nini kinarudishwa viza ikikosekana. Hakuna tiketi inayonunuliwa kabla ya viza, hata ikiwa nafuu kiasi gani. Kila mtu anaandika barua yake mwenyewe na kuitia sahihi baada ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Asilimia 10 ya michango inawekwa kando kufidia atakayenyimwa. Mafundisho yanaanza mwaka mzima kabla, na hatua ya kwanza ya kila hija ya mbali ni Subukia, kwenye Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, ambako hakuna pasipoti inayohitajika. Na uamuzi wa kwenda au kutokwenda wengine wakikosa umeandikwa: wenye viza wanakwenda, na wasio nayo wanarudishiwa kila senti kwanza kabla ndege haijaondoka.

Ajenti bado hajarejesha ada yake ya huduma. Jumuiya imemwandikia barua ya madai.

Kuhusu kijana wa bodaboda: ana miaka 27, hajaoa, anapanga chumba kimoja, pikipiki ina mkopo, na rekodi ya mapato yake ni ya miezi minane tu. Faili lake la pili lilikuwa la kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, na alinyimwa kwa sababu moja, ile ya shaka ya kurudi. Alikuja ofisini akiwa na hasira, akiuliza ni kitu gani tumekosea safari hii. Nilimwambia hakuna, karatasi zake zimesema ukweli na ukweli wake kwa sasa ni wa mtu ambaye mgeni hawezi kuona kinachomshika hapa, ingawa sisi tunakiona. Nilimshauri asiombe tena mwaka huu, amalize mkopo wa pikipiki, na mapato yake yapitie mahali pamoja. Fungu la asilimia 10 halikuwa na kitu bado, kwa hiyo wale tisa walichanga tofauti yake. Januari alipata 420,000 zake kamili. Zinazobaki baada ya mkopo wa pikipiki ameniachia nimfungulie akaunti.